Jinsi ya kuandaa rekodi ya kocha wa futiboli ya vyuo vya Marekani, mechi kwa mechi

Maswali ni yaleyale kila msimu ukikaribia. Mbona sehemu moja inasema kocha Nick Saban ameshinda mara 297 na nyingine 292? Zile namba tatu zenye vistari katikati, kama 34–24–1, zina maana gani? Kaimu kocha akishinda, ushindi ni wa nani? Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, kwa hiyo nayaweka yote hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Wewe unayeandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, wewe ambaye mtoto wako kaanza kucheza huko Marekani, na wewe unayependa tu takwimu, njia ni moja.

Mfano wangu ni Saban kuanzia mwanzo hadi mwisho. Si kwamba nampenda sana. Alikuwa anashinda mpaka mchezo unachosha. Ila karibu kila mtego wa kazi hii umo kwenye maisha yake: sare, kuhama kabla ya mechi ya mwisho, miaka miwili ya ligi ya kulipwa katikati, mechi aliyoikosa kwa kukutwa na UVIKO-19, na ushindi uliofutwa. Ukimmaliza yeye, wengine wengi watakuwa mteremko.

Andaa hivi kwanza

- Excel au programu yoyote ya majedwali. Daftari kubwa la mistari nalo linafaa, ila kujumlisha utafanya mwenyewe.
- Kitabu cha taarifa kwa wanahabari cha kila chuo alichofundisha. Vyuo vikubwa hukitoa kabla ya msimu na kukiweka kwenye tovuti ya idara ya michezo, unapakua bure. Matokeo ya miaka yote kwa kawaida yako kurasa za nyuma.
- Kitabu cha rekodi cha NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Kina sehemu ya makocha.
- Hifadhi ya magazeti ya mji wa chuo husika. Hii ni ya kuamua ugomvi, usianze nayo.
- Muda. Saban ana mechi 369. Tenga jioni tatu au nne, usijidanganye kwamba utamaliza kwa saa moja.

Kusoma namba

Hapa ndipo sisi tuliokulia kwenye soka tunapoteleza. Msimamo wa ligi tuliouzoea unaanza na kushinda, unafuata sare, kisha kufungwa. Wamarekani wanaweka sare mwisho. Kwa hiyo 34–24–1 ni kushinda mara 34, kupoteza mara 24 na sare 1. Nimeshasoma makala iliyompa Saban sare 24 pale Michigan State, na mwandishi akajiuliza kwa nini kocha wa aina hiyo hakufukuzwa.

Kama namba ya tatu haipo, hakuna sare. Na hakuna pointi tatu wala moja: ubora wa kocha hupimwa kwa asilimia ya ushindi, nayo huandikwa kwa desimali tatu, kama .806.

Nadharia imeishia hapo. Tuingie kazini.

Hatua ya 1: Chora ratiba ya kazi yake

Kabla hujagusa matokeo, andika kila mahali alipofanya kazi, mwaka alioingia, mwaka aliotoka, na cheo chake. Cheo ndicho kinachoamua. Mechi zinazohesabiwa ni zile alizokuwa kocha mkuu wa chuo, basi. Miaka ya ukocha msaidizi au uratibu wa ulinzi ni historia yake, haiingii kwenye rekodi.

Kwa Saban, ukishachuja unabaki na vyuo vinne: Toledo 1990, Michigan State 1995 hadi 1999, LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) 2000 hadi 2004, na Alabama 2007 hadi 2023. Angalia mapengo. Kati ya 1991 na 1994 alikuwa mratibu wa ulinzi wa Cleveland Browns. Mwaka 2005 na 2006 alikuwa kocha mkuu wa Miami Dolphins, akashinda 15 na kupoteza 17. Hiyo ni NFL, ligi ya kulipwa, na ina jedwali lake. Usiichanganye na ya vyuo hata kama ni mtu yuleyule na filimbi ileile.

Mapengo mengine hayatokani na kuhama. Eddie Robinson aliongoza Grambling kuanzia 1941 hadi 1997, lakini 1943 na 1944 chuo hakikuwa na timu kwa sababu ya vita. Ukihesabu misimu kwa kutazama mwaka wa kwanza na wa mwisho tu, utampa misimu miwili ambayo haikuwahi kuchezwa.

Hatua ya 2: Fungua jedwali la mechi moja moja

Usianze na jumla. Narudia: usianze na jumla. Mstari mmoja kwa mechi moja, na safu hizi:

Msimu, tarehe, chuo chake, mpinzani, nyumbani au ugenini au uwanja huru, pointi zake, pointi za mpinzani, matokeo, mechi ya konferensi au la, mechi ya Bowl (ya baada ya msimu wa kawaida) au la, nani alikuwa kocha siku hiyo, hali rasmi, maelezo.

Konferensi ni kundi la vyuo vinavyocheza pamoja kila msimu, kama SEC au Big Ten. Rekodi ya ndani ya konferensi huandikwa pembeni ya rekodi nzima. Toledo ya 1990 ilikuwa 9–2 kwa jumla, lakini 7–1 ndani ya konferensi ya MAC.

Onyo la Excel, na hili limewaliza wengi. Ukiandika 9-2 kwenye kisanduku, kompyuta inadhani ni tarehe na kukugeuzia kuwa 9 Februari au 2 Septemba. Ukiandika 6-5-1 unaweza kupata tarehe ya mwaka 2001. Ukija kugundua umeshajaza misimu kumi, na hakuna kurudi nyuma kirahisi. Weka kushinda, kupoteza na sare kwenye safu tatu tofauti, au geuza safu nzima kuwa maandishi kabla hujaandika chochote.

Hatua ya 3: Jaza msimu mmoja mmoja, na ufunge hesabu yake

Chukua kitabu cha chuo, jaza msimu mmoja, jumlisha, linganisha na jumla ya kitabu. Ikikubali, pita. Ikikataa, usiendelee, maana kosa dogo la msimu mmoja likishafunikwa na misimu kumi hulipati tena.

Misimu ya Saban pale Michigan State inatoka hivi:

1995: 6–5–1
1996: 6–6
1997: 7–5
1998: 6–6
1999: 9–2

Jumla 34–24–1. Ile sare moja ni ya 1995, dhidi ya Purdue, 35–35. Ndiyo sare pekee ya maisha yake yote, na kuna sababu: kuanzia msimu wa 1996, mechi ya vyuo ikiisha kwa kulingana inaingia muda wa ziada mpaka mshindi apatikane. Kwa hiyo ukikuta sare ya mwaka 1996 au baadaye kwenye jedwali lako, simama hapo hapo, kuna kitu umekosea.

Hatua ya 4: Rudisha mechi za Januari kwenye msimu wake

Msimu unaanza mwishoni mwa Agosti na kuisha Januari. Mechi za Bowl, zinazochezwa baada ya msimu wa kawaida, huangukia Desemba na Januari. Msimu hupewa jina la mwaka ulioanza. Alabama ilipoifunga Clemson 45–40 tarehe 11 Januari 2016 na kuchukua ubingwa, hiyo ni mechi ya msimu wa 2015. Ndiyo maana safu ya msimu na safu ya tarehe lazima ziwe mbili.

Halafu, si kila chenye jina la Bowl ni Bowl. Mechi ya kila mwaka ya Alabama na Auburn inaitwa Iron Bowl, lakini ni mechi ya kawaida ya msimu, na ni ya konferensi. Super Bowl nayo ni ya NFL, haikuhusu.

Hatua ya 5: Uliza nani alikuwa kocha siku hiyo

Hii ndiyo hatua ambayo wanaoanza huiruka, na ndiyo iliyonitoa jasho mimi mwenyewe.

Mara ya kwanza nilipoandaa rekodi hii, Saban alinitokea na ushindi 298. Kila mahali nilikotazama palisema 297. Nikajumlisha tena Alabama yote, misimu 17, nikidhani kosa liko huko kwa sababu ndiko kwenye mechi nyingi. Hakuna kitu. LSU, hakuna kitu. Saa tano usiku ndipo nikarudi Michigan State na kuona nilichofanya: msimu wa 1999 nilinakili rekodi ya timu, 10–2, badala ya rekodi ya kocha. Saban alikwenda LSU kabla ya msimu kuisha. Citrus Bowl ya tarehe 1 Januari 2000, Michigan State walipoishinda Florida 37–34, iliongozwa na Bobby Williams. Ushindi ule ni wake. Timu ilimaliza 10–2, Saban 9–2.

Kwa hiyo tofautisha mambo mawili. Kocha akiondoka au akifukuzwa na mwingine akateuliwa, mechi zinazofuata ni za aliyeteuliwa, hata kama wachezaji walinolewa na yule wa kwanza. Lakini kocha akikosa siku moja tu huku bado ana kazi yake, kwa kawaida mechi inabaki yake. Novemba 2020 Saban alikuwa nyumbani na UVIKO-19 wakati Alabama ikiipiga Auburn 42–13, na Steve Sarkisian ndiye aliyesimama pembeni ya uwanja. Ushindi ule umo kwenye 13–0 ya Saban ya mwaka huo.

Adhabu za kufungiwa mechi zina utata zaidi, kwa sababu chuo kinaweza kumtaja kaimu rasmi. Hapo usikisie. Tazama chuo chenyewe na NCAA wameandika jina la nani, na uweke maelezo kwenye safu ya mwisho.

Hatua ya 6: Tenga kilichotokea uwanjani na kilicho rasmi

Sasa tunajibu swali la 297 na 292.

Mwezi Juni 2009 NCAA iliiadhibu Alabama kwa sababu wanamichezo walitumia utaratibu wa vitabu vya kiada vya bure kuwachukulia watu wengine. Adhabu ilifuta ushindi wa misimu ya 2005 hadi 2007. Miwili ya kwanza ilikuwa ya kocha aliyemtangulia. Saban akapoteza ushindi 5 wa msimu wa 2007. Uwanjani msimu ule ulikuwa 7–6. Kwenye vitabu rasmi ni 2–6. Ona kwamba vipigo havikuongezeka. Ushindi uliofutwa hauendi kwa mpinzani. Unafutwa tu kwa aliyeadhibiwa, na mpinzani anabaki na kipigo chake.

Kupokonywa ushindi ni jambo jingine, hilo ndilo linalofanana na ushindi wa mezani tunaoujua kwenye soka. Alabama hiyohiyo, msimu wa 1993 chini ya Gene Stallings, ilimaliza 9–3–1 uwanjani. Ikapokonywa ushindi 8 na sare 1 kwa kumchezesha mchezaji asiyestahili, na vyote vikageuka vipigo: 1–12. Rekodi nzima ya Stallings pale ni 70–16–1 uwanjani, na 62–25 rasmi. Ukitumia hesabu ya kufuta kwenye kesi ya kupokonywa, jumla zako hazitakaa sawa kamwe.

Kwenye jedwali, safu ya hali rasmi iwe na maneno matatu tu: halali, umefutwa, umepokonywa. Usifute mstari wa mechi. Mechi ilichezwa, watu walilipa viingilio wakaiona.

Na andika tarehe uliyoangalia. Joe Paterno wa Penn State alifutiwa ushindi 111 mwaka 2012 na kushuka hadi 298, kisha Januari 2015 akarudishiwa wote na kuwa na 409. Kwa miaka hiyo miwili na nusu, Eddie Robinson na ushindi wake 408 ndiye aliyekaa juu katika Daraja la Kwanza. Aliyeandika mwaka 2013 na aliyeandika 2016 wote walikuwa sahihi.

Hatua ya 7: Jumlisha na upige asilimia

Chukua ushindi, ongeza nusu ya sare, gawa kwa mechi zote. Saban:

Toledo 9–2
Michigan State 34–24–1
LSU 48–16
Alabama 206–29
Jumla uwanjani 297–71–1, asilimia .806

Rasmi, Alabama inakuwa 201–29 na jumla 292–71–1, asilimia .804. Weka zote mbili. Ukilazimika kuweka moja, sema ni ipi.

Hatua ya 8: Ubingwa na nafasi kwenye orodha

Fupi tu. Orodha ya AP, yaani ya timu bora inayopigiwa kura na waandishi wa shirika la habari la Associated Press, ipo tangu 1936, na inabadilika kila wiki, kwa hiyo unapoandika nafasi ya timu taja kama ni siku ya mechi au mwisho wa msimu. Ubingwa wa taifa kwa miaka mingi haukuwa na fainali moja. Waandishi na makocha walipiga kura, na wakati mwingine hawakukubaliana. Saban anahesabiwa mataji saba: 2003 akiwa LSU, na 2009, 2011, 2012, 2015, 2017 na 2020 akiwa Alabama. Lakini ukifungua orodha ya AP ya 2003 utamkuta USC juu. LSU walichukua ubingwa wa BCS, mfumo wa wakati ule wa kukutanisha timu mbili za juu kwenye fainali, kwa kuishinda Oklahoma 21–14 kwenye Sugar Bowl. Andika nani aliyetoa ubingwa, usiandike "bingwa" ukaacha hapo.

Makosa ninayokutana nayo kila mara

Kunakili rekodi ya timu ukidhani ni ya kocha. Nimeshakiri langu.

Kuandika "kocha mwenye ushindi mwingi kuliko wote" bila kusema daraja gani. Ukihesabu madaraja yote ya vyuo, wa kwanza ni John Gagliardi mwenye 489–138–11, nyingi akiwa Saint John's ya Minnesota, chuo cha Daraja la Tatu. Paterno ni wa Daraja la Kwanza. Wote wawili "wa kwanza", na mabishano mengi kuhusu hili huisha mtu akitaja daraja.

Kutafsiri majina ya mechi. Sugar Bowl si Bakuli la Sukari. Acha jina lilivyo.

Kutegemea chanzo kimoja. Vyanzo vingi vya mtandaoni vinanakiliana, kwa hiyo kurasa tano zinazokubaliana zinaweza kuwa kosa moja lililonakiliwa mara nne.

Hesabu ikigoma

*Nimezidi ushindi mmoja.* Tazama msimu wa mwisho wa kila chuo kabla ya kuhama. Mara nyingi ni Bowl iliyoongozwa na mwingine.

*Nimepungua mechi moja moja katika misimu kadhaa.* Umeacha mechi za Bowl, au umezipeleka mwaka wa kalenda badala ya msimu.

*Ushindi umepungua lakini vipigo viko sawa.* Chanzo chako kinatumia rekodi rasmi yenye ushindi uliofutwa. Kama vipigo vimeongezeka kwa idadi ileile, ni kupokonywa.

*Vyuo viwili vinatoa matokeo tofauti ya mechi moja ya zamani.* Hutokea sana kabla ya Vita vya Pili. Nenda gazeti la siku iliyofuata, la miji yote miwili ikiwezekana. Zikikataa kupatana, andika zote mbili kwenye maelezo na uchague moja kwa jumla.

*Asilimia yangu inatofautiana kwa elfu moja au mbili.* Umeisahau sare, au umeihesabu kama mechi isiyokuwepo. Jaribu tena kwa nusu.

Kama Saban anakutisha, anza na Knute Rockne: chuo kimoja, Notre Dame, kuanzia 1918 hadi 1930, mechi 122, hakuna kuhama. Unatakiwa kufika 105–12–5 na asilimia .881. Ukishampata, mchukue Bear Bryant, ambaye alipita vyuo vinne na kuacha sare 17: Maryland 6–2–1, Kentucky 60–23–5, Texas A&M 25–14–2, Alabama 232–46–9. Jumla ikitoka 323–85–17 na asilimia .780, jedwali lako linafanya kazi, fungua faili jipya la kocha unayemtaka.